Nyeupe ya Mchele, Si ya Wali

Chishang, 11 Juni 1968

Shangazi Guat-siu, mpole kwa wageni na mkali kwangu mimi peke yangu,

Shikamoo. Huku nyumbani wote wazima. Baba anakohoa vumbi la pumba kama kawaida yake. Mama anasema umekonda. Nikamuuliza amekuona wapi, akasema hahitaji kukuona. Nguruwe amezaa. Babu naye mzima, anaamka kabla ya jogoo na bado anaamini kwamba mashine yake ya kukoboa mpunga ikisimama siku moja, nusu ya Taiwan italala njaa.

Mimi sasa ni fundi wa rangi. Fundi Tiam haniiti tena "wewe wa ndoo", ananiita kwa jina, na ananiachia kuta nzima. Yule mwalimu aliyenifukuza darasa la sita akisema sitafika popote, wiki iliyopita nilimpakia rangi choo chake. Kwa hiyo nimefika.

Sasa lako. Umefanya akili kutuma barua dukani kwa Fundi Tiam. Ingekuja nyumbani, Babu angeujua mwandiko wako kutoka ng'ambo ya barabara. Nimekuelewa hivi, unisahihishe nikipotoka: unaolewa na yule Bwana Luan baada ya Sikukuu ya Mwezi. Unataka utokee mlango wetu wa mbele kama bibi harusi mwingine yeyote, Babu akuwashie udi mbele ya meza ya wazee na kuwaambia marehemu wetu kwamba binti anaondoka na anakwenda kwa nani. Ila Babu alishasema neno lake. Siku ile nilikuwa nyuma ya magunia, nilisikia vizuri: "Ukiolewa na mla ngano, utatokea barabarani!" Mla ngano, kwake, ni yeyote aliyevuka bahari kutoka bara. Tangu hapo miaka miwili, jina lako halitajwi mezani. Na wewe huko Kaohsiung umekaa, umefikiri, umeona njia ya kumwingia mzee yule ni brashi yangu. Hukukosea.

Sebule yenyewe ni aibu, nakubali. Tangu mazishi ya Bibi ina chokaa tupu iliyotiwa buluu ya kufulia, nyeupe mpaka meno yanauma. Mle ndani hata chungwa linaonekana mgonjwa. Bibi harusi hawezi kutokea ndani ya sanda.

Swali moja tu. Umeandika "nyeupe yenye joto, nyeupe ya mchele". Mchele upi, Shangazi? Fundi Tiam anasema mtu akitaja rangi ya mchele, muulize kwanza kama ameshiba, maana mwenye njaa anakusudia wali. Wali unang'aa. Nijibu upesi kabla mikono yangu haijapata kazi ya kifahari zaidi.

Na huyo Bwana Luan, ni kweli anainama kwenye milango?

Mpwa wako, fundi,
A-Piau


Kaohsiung, 24 Juni

A-Piau, fundi wa vyoo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia wote wazima. Mwambie mama yako sijakonda. Kantini ya kiwanda inatulisha, na nimehamishwa kutoka meza ya kuunga nyaya kwenda meza ya kukagua. Sasa kazi yangu ni kuwaonyesha wenzangu makosa yao siku nzima. Ungeniona ungesema nimezaliwa kwa kazi hiyo.

Mchele, si wali. Mchele mkavu, ulio kwenye kiganja, karibu na dirisha. Nataka mtu akiingia mle ndani ajisikie amevuliwa koti na kupewa chai. Usitie buluu. Usitie kijani chini ya ukuta kama ofisini. Na usimwambie Babu neno.

Unaniuliza kama nina hakika. Hukuuliza, lakini najua ulitaka kuuliza. Babu akikataa kuniwashia udi, tutakwenda ofisi ya wilaya hapa, tutagongewa muhuri kama watu wanaochukua leseni ya baiskeli, na sitarudi tena Chishang. Sisemi hivyo kwa hasira. Mtu hawezi kwenda kumsalimu baba mahali ambapo marehemu wake hawajaambiwa yuko wapi.

Huyo unayemuulizia ni mzima. Anaendesha lori la bandarini. Milangoni anainama, ndiyo.

Shangazi yako,
Guat-siu


Chishang, 23 Julai

Shangazi mkaguzi,

Shikamoo tena. Mavuno ya kwanza yameisha, mashine inanguruma mpaka kuku wamekuwa viziwi. Nguruwe mdogo mmoja kafa, tisa wazima. Mama kafungua mtungi wa figili za chumvi na nyumba nzima inanuka furaha.

Nimeanza! Ukuta wa meza ya wazee na ule wa mashariki zimekwisha. Sikiliza sanaa: chokaa nimeilaza kwenye maji mpaka imelainika kama maziwa ya mgando, nikatia gundi ya ngozi iliyochemshwa, kisha udongo wa manjano kijiko kwa kijiko. Manjano peke yake inaleta rangi ya mgonjwa wa ini. Lakini ukiitia nyekundu kiasi cha ukucha, ukuta unapata damu. Hapo unatakiwa usimame. Fundi Tiam anasema wapakaji wengi wanajua kuongeza, wachache wanajua kuacha. Kanisifu kwamba nina mkono mzuri, ila mdomo niuache nyumbani.

Babu aliingia mchana nikiwa juu ya ngazi.

"Hii nini?"

"Mazoezi, Babu. Fundi kanipa kazi ya kujifunza rangi ya mchele."

"Mchele gani huu? Haya ni meno ya mvuta kiko."

"Bado ni mbichi, Babu. Ikikauka inapauka."

"Na wewe pia bado ni mbichi," akasema, akatoka.

Asubuhi yake nikamkuta kasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma. Rangi ilikuwa imekauka, Shangazi, na jua la dirishani limeulalia ukuta kama paka. Aliponiona akajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Zimebaki kuta mbili. Kesho kutwa zimekwisha. Anza kushona gauni.

Mpwa wako asiyejisifu,
A-Piau


Kaohsiung, 1 Agosti

Mwanangu A-Piau,

Barua yako imenifikia ikiwa na matope. Wanasema mlima umeporomoka barabarani. Huku mvua, lakini tuko salama. Mwenzangu wa bweni kajifungua mtoto wa kike, tumemlisha kuku wa mafuta ya ufuta mpaka kasema basi.

Kwa hiyo umekwisha maliza. Naandika kwa haraka, zamu inaanza. Nataka kujua kitu kimoja tu. Amekaa humo ndani? Ameuliza lolote?

G.


Chishang, 9 Agosti

Shangazi mpendwa sana, mwenye moyo mkubwa na wa kusamehe,

Ukiona nimekuamkia hivyo, ujue kuna jambo. Kwanza salamu: Baba mzima, Mama mzima, nguruwe tisa bado tisa.

Sijamaliza.

Usinirushie kiatu, hakitafika. Niliposema "kesho kutwa" sikutazama kitabu cha siku. Kesho kutwa yenyewe ilikuwa ndiyo mosi ya mwezi wa saba wetu, mlango wa Ndugu Wema unafunguliwa na wafu wote wasio na kwao wanatoka kutembea. Nilikuwa nimechovya brashi Babu akanishika kifundo cha mkono. "Unataka kupaka mwezi huu? Unataka kumbandika mmoja wao ukutani, atutazame tukila?" Akaichukua brashi, akaiweka juu ya kabati, pale ambapo mimi siwezi kufika bila ngazi, na ngazi akaifungia mashineni.

Kwa hiyo sebule yako sasa ni nusu mchele, nusu sanda. Ukikaa katikati, sikio moja lina joto na jingine lina baridi.

Lakini ngoja nikwambie uzuri wa balaa hili. Babu hatoki mle ndani! Nusu ile imemkaa kooni. Analeta mchele kutoka mashineni, anaumimina kwenye visahani, anausogeza ukutani, anafumba jicho moja. Mchele mpya: "Hapana, huu una ukijani." Wa mwaka jana: "Karibu, lakini umelala." Chenga: "Upuuzi." Juzi kaenda ghala la nyuma akaleta mchele wa mwaka juzi, ule ambao hata panya wanauamkia. Hapana pia. Majirani wamesikia, nao wanakuja. Mama Suan wa tofu anasema ni rangi ya maji ya kuoshea mchele. Tarishi anasema ni ukoko, upande usioungua. Babu anawaambia wote hawajui mchele, wanajua kula tu.

Na jana hili likatokea. Tumekaa, Mama kakwangua sufuria, kaleta ukoko. Babu kautazama, kasema taratibu:

"Yule alikuwa anapenda ukoko."

"Nani, Babu?"

"Paka."

Shangazi, hatujawahi kufuga paka.

Mwezi unaisha tarehe ishirini na tatu. Ishirini na nne nitakuwa juu ya ngazi. Naapa kwa mikono yangu hii miwili, ambayo ni mali ya taifa.

A-Piau


Chishang, 25 Agosti

Shangazi,

Kaa kwanza. Wote wazima. Umekaa?

Jana nimeamka alfajiri, nimechanganya chokaa, nimevaa ile kofia yangu ya gazeti. Babu kanitazama kama anavyotazama mfuko uliotoboka.

"Unakwenda wapi?"

"Ukutani. Mwezi wa saba umekwisha."

"Umekwisha wa kwanza," akasema. "Leo ni mosi ya mwezi wa saba wa pili."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kaleta kitabu cha siku, kaniwekea kidole: mwaka huu una mwezi wa nyongeza, na kati ya miezi yote kumi na miwili ya mbinguni na duniani, ulioongezwa ni wa saba! Miezi miwili ya mizimu, imefuatana kama bata! Nilijua kusoma kitabu kile tangu utotoni, ila sikukisoma. Mwalimu wa choo yule lazima anacheka mahali.

Nilimlilia Babu. Nikamwambia hata Fundi Tiam anasema mwezi wa nyongeza mlango haufunguliwi mara ya pili, Ndugu Wema wamekwisha rudi kwao. Babu akasema: "Wewe ulikuwepo wanahesabiwa?" Basi. Mpaka tarehe ishirini na mbili Septemba hakuna brashi. Muda bado upo kabla ya harusi yako, lakini mwembamba.

Mama ndiye aliyenipa mwanga, akimenya vitunguu. "Mwaka wenye mwezi wa nyongeza," akasema, "binti humletea baba yake kongoro za nguruwe na tambi ndefu kama maisha, amwongezee miaka. Guat-siu analijua hilo." Kisha akanitazama kwa machozi ya vitunguu, akaendelea kumenya, unamjua Mama.

Shangazi, njoo! Babu anaweza kukataa binti, anaweza kukataa harusi. Nani atakataa miaka? Huhitaji kusema neno la ndoa. Unaingia na sufuria, unaweka mezani, ukuta wangu unafanya kazi iliyobaki.

Mpwa wako mwenye mawazo makubwa,
A-Piau


Kaohsiung, 4 Septemba

A-Piau,

Salamu kwa wote. Mshukuru mama yako, mwambie nimemsikia.

Siji.

Desturi hiyo ni ya binti aliyeolewa, anayerudi na mume wake mchana kweupe. Mimi nitarudi kama nani? Na nikija akaniacha mlangoni na sufuria mkononi, tambi zikapoa pale kizingitini, je? Unajua maana ya baba kukataa tambi za mwezi wa nyongeza kutoka mkono wa binti yake? Nitakuwa nimempunguzia miaka mimi mwenyewe. Afadhali anikasirikie akiwa hai.

Nimemsimulia huyo mtu habari za miezi miwili ya saba na visahani vya Babu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni akaniuliza kongoro hupikwa kwa saa ngapi. Nikamwambia, la kwetu halikuhusu.

Paka. Kumbe paka.

G.


Chishang, 16 Septemba

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Wote wazima, salamu zimekwisha, sikiliza.

Amekuja. Luan wako. Peke yake!

Jumamosi nilikuwa nje ya duka la Fundi Tiam nikifua brashi, nikaona mtu anashuka kutoka stesheni, mrefu kama nguzo ya simu, amekumbatia sufuria lililofungwa kwa taulo kama mtoto mwenye homa. Akaja moja kwa moja kwangu, akasema kwa lugha ya shule, ile ya watu wa bara:

"Wewe ndiye A-Piau. Guat-siu husema mpwa wake ana chokaa masikioni."

"Yeye yuko wapi?"

"Kazini. Hajui kama nipo hapa. Kongoro nimezipika mimi, tambi nimenunua Taitung kwa mama mmoja aliyeniapia kwamba ndizo hasa. Twende, zitapoa."

Unajua Babu hajui lugha ya shule, na Luan lugha yetu anaijua ya kununulia samaki tu. Kwa hiyo nani alikuwa daraja? Mimi, niliyefukuzwa darasa la sita.

Akaingia, akajigonga kichwa kwenye boriti, akainama kuomba radhi kwa boriti. Babu alikuwa na visahani vyake, hakugeuka.

Luan akasema maneno marefu ya adabu. Nikatafsiri: "Anasema shikamoo mzee, yeye ndiye Luan, kwa niaba ya Guat-siu ameleta kongoro na tambi za mwezi wa nyongeza."

"Mwambie mleta kongoro ni binti, si dereva."

Nikamwambia Luan: "Babu anasema karibu, kaa."

Akakaa.

"Mbona anakaa?"

"Amechoka, Babu. Ametoka mbali."

Mama alikuwa tayari amepasha sufuria na kumimina tambi bakuli kubwa. Harufu ile, Shangazi! Mimi sishawishiki upesi, lakini ile ingemfufua mwenye deni. Bakuli likawekwa mbele ya Babu. Hakuligusa. Akaelekeza kidevu kwenye ukuta wangu.

"Muulize, anajifanya ana macho. Hii ni rangi gani?"

Luan akautazama ukuta kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kama mikate ya mvuke ya mama yake, pale kifuniko kinapofunuliwa.

Nikatafsiri: "Anasema ni kama wali wa mama yake."

"Mwongo! Nimesikia 'mantou'. Neno hilo hata kiziwi analijua. Ngano! Ndani ya nyumba ya mkoboaji, ukuta wa wazee wangu, anauita ngano!" Babu akawaka. Chakula cha watu wasio na mto wa kumwagilia mpunga! Unga wa kubandikia karatasi dirishani! Yeye tangu azaliwe hajatia ngano mdomoni na hatatia! Na huku anafoka, macho yake yako bakulini, maana tambi zikikaa zinagandana, na nani anataka maisha yaliyogandana? Kwa hasira ileile akachukua vijiti, akavuta tambi, akaanza kunyonya.

Hapo mdomo wangu, ambao Fundi Tiam alisema niuache nyumbani, ukafunguka wenyewe.

"Babu. Tambi ni ngano."

Vijiti vikasimama.

"Nn?"

"Tambi. Hutengenezwa kwa unga wa ngano. Muulize Mama."

Jikoni kifuniko kikaanguka. Mama akasema bila kutokeza: "Ni kweli, Baba."

"Tangu lini?" Alisema hivyo kwa pua, maana mdomo umejaa.

"Tangu zamani, Baba. Tangu zilipoanza."

Sasa tazama hali ya mzee. Tambi inaning'inia kutoka mdomoni mpaka bakulini, ndefu kama kamba ya nguo. Kuikata kwa meno hawezi, atakata maisha yake. Kuitema hawezi, atatema maisha yake. Njia ni moja tu. Akaimeza, yote, pole pole, huku anamtazama Luan machoni. Kila siku ya kuzaliwa, miaka sabini na moja, mtu huyu amekula ngano kwa ajili ya uzima! Luan hakucheka. Alitazama magoti yake, masikio mekundu kama taa za hekalu. Mimi niliuma kofia.

Babu akashusha vijiti. Kisha akachukua tambi moja bakulini, akaifuta mchuzi, akainuka, akaipeleka ukutani. Akafumba jicho moja. Shangazi, ilipotea. Huoni tambi inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

"Mjinga wewe," akaniambia. "Kiangazi kizima unasumbua watu na mchele. Umepaka tambi."

Akakaa. Halafu akasema: "Muulize, mwezi huu anawawashia nani udi?"

Nikauliza. Luan akajibu, na hapa sikuongeza wala kupunguza: "Siwawashii. Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na minane, barua hazivuki bahari kwenda bara. Sijui kama baba na mama wako hai. Nikiwawashia udi nao wazima, nimewaua kwa mkono wangu. Nisipowawashia nao wamekufa, basi wana njaa."

Babu alikaa akigeuza kisahani kimoja, akakigeuza tena.

"Mwambie ale," akasema, na akampakulia mwenyewe. Wali, bakuli limerundikwa kama kaburi dogo. Luan akala akamaliza, Babu akapakua tena, akala. La tatu aliniangalia mimi kuomba msaada. Sikutafsiri.

Akaondoka na treni ya alasiri. Kuhusu udi wako, kuhusu mlango wa mbele, Babu hakusema kitu. Hata sasa ninavyoandika hajasema.

Daraja lako,
A-Piau


Kaohsiung, 20 Septemba

A-Piau,

Aliniambia anakwenda Pingtung kuchukua matairi!

Nimemfokea, nikamlilia begani, nikamfokea tena. Yeye anasema tu kwamba mzee ni mkarimu sana na kwamba tumbo bado linamuuma. Na amerudi bila sufuria langu. Hilo ni neno, au ni usahaulifu?

Barua yako nimeisoma kwa wenzangu wote bwenini, wameanguka vitandani kwa kicheko, na mimi pia. Halafu nikaisoma peke yangu nikitafuta jibu, sikuliona. Umeandika tambi, umeandika masikio, umeandika boriti. A-Piau, kesho kutwa nyongeza itakuwa imekwisha. Ofisi ya wilaya wanataka kujua tarehe, nimewaambia wangoje. Nitokee wapi?

Niandikie hata kama jibu ni baya. Usilipambe.

Guat-siu


Chishang, 25 Septemba

Shangazi Guat-siu,

Shikamoo. Wote wazima, na mpunga wa pili umesimama vizuri.

Tarehe ishirini na mbili asubuhi nimekuta ngazi imesimama sebuleni na brashi imelowekwa. Nimepaka kuta mbili zilizobaki. Babu alikaa kitini akisimamia: pale umeruka, pale umenenepesha, mama yako anaona vizuri kuliko wewe. Visahani vyote kavirudisha mashineni. Mlango wa mbele kaniamuru nitie mafuta bawaba, bila kusema kwa nini. Sufuria lako limekaa juu ya meza ya wazee. Nilitaka kulitoa nipake, akanipiga kofi mkononi.

Umesema nisipambe, sipambi. Jana alasiri rangi ilikuwa imekauka, chumba kizima kimetulia, mtu unaweza kusinzia humo na kuamka umesamehewa. Babu akaniita. "Chukua karatasi." Nikachukua. Akakaa muda, akasema: "Kwa heri zote, hapana, futa. Andika swali tu."

"Swali gani, Babu?"

"Nitasimama pale na udi mkononi, nitawaambia nini wazee? Kwamba binti yangu anakwenda kwa yule mrefu? Wataniuliza mrefu wa nani." Akageuza uso dirishani. "Muulize baba yake anaitwa nani. Na mama. Na kijiji. Wawe hai, wawe wafu, jina ni jina."

Tangu jana ananikalisha nimfundishe kutamka "Luan" kwa lugha ya shule. Anaitamka kama anatema mbegu ya tikiti, lakini anarudia, hata akiwa mashineni, anadhani mngurumo unamficha.

Kwa hiyo yaandike hayo majina matatu, Shangazi, uyatume na barua ya kwanza itakayovuka mlima. Andika kwa herufi kubwa zilizo wazi, maana ni mimi nitakayemfundisha kuyasema, na ya kijiji usiifupishe.

A-Piau